Jinsi Mchezo wa Maneno Unavyogeuzwa Kuwa Ngoma

Katika mazungumzo yetu ya leo twataka kueleza jambo ambalo mara ya kwanza laweza kuonekana kama kitendawili. Watu hutwaa mchezo wa kuigiza, uliotungwa kwa maneno tangu mwanzo hata mwisho, wakayaondoa maneno yote, wakauonyesha mchezo ule ule kwa miili na muziki tu. Hakuna asemaye wala aimbaye. Hata hivyo watazamaji hurudi makwao wakijua nani alipenda, nani alidanganya, na nani alikufa bila hatia. Jambo hili hufanywaje? Na je, lina faida gani kwetu sisi wa Ijumbi na Muleba na Bukoba, tulio na hadithi zetu na ngoma zetu wenyewe? Maswali hayo mawili ndiyo tutakayojaribu kuyajibu.

Tuanze na jambo tulijualo. Wazee wa Buhaya walikuwa na desturi ya okwebuga, yaani mtu kujisifu mbele ya Mukama. Shujaa alisimama na mkuki wake, akajitaja jina na kuyahesabu matendo yake, na mwili wake ukafuatana na maneno yake. Sasa tufikiri kwamba masikio yetu yamezibwa kwa pamba wakati shujaa yule anaposema. Je, hatutaelewa kitu? Tutaelewa mengi. Tutajua kwamba mtu huyu ni hodari, au kwamba ajifanya hodari. Tutajua yuko mbele ya mkubwa wake. Tutaona kama moyo wake umetulia au una hofu. Lakini hatutajua jina la babu yake, wala vita alivyopigana vilikuwa wapi, wala mwaka gani.

Hapo ndipo ilipo siri ya kazi hii yote. Mwili hueleza vizuri hali ya moyo, lakini hauwezi kutaja majina, mahali wala tarehe. Basi mtu ageuzaye mchezo wa maneno kuwa ngoma hana budi kujua mapema ni mzigo gani mwili utaweza kuuchukua, na ni mzigo gani utauangusha njiani.

Baleti ni kitu gani

Ngoma ya Ulaya iitwayo baleti ilianza katika majumba ya wakuu wa Italia, kisha ikakuzwa Ufaransa. Mwaka 1661 Mfalme Louis wa Kumi na Nne, ambaye mwenyewe alikuwa mcheza ngoma, alianzisha chama cha mabingwa wa ngoma mjini Paris. Mabingwa hao waliweka kanuni: miguu igeuzwe nje namna gani, mikono iinuliwe namna gani, mwili usimame namna gani. Baadaye, katika karne ya 19, wanawake walijifunza kucheza juu ya ncha za vidole vya miguu, ili waonekane kama viumbe wasio na uzito. Hata leo majina ya hatua za baleti hutajwa kwa Kifaransa, iwe mwanafunzi yuko Moscow, Tokyo au Nairobi.

Baleti ya kisasa ni mtoto wa baleti hiyo ya zamani, lakini ni mtoto aliyetoka nyumbani akatembea nchi nyingi. Hushika mafunzo ya mama yake, walakini hukubali pia kuanguka chini, kuviringika, kukanyaga ardhi kwa nguvu, na kuazima hatua za ngoma za mataifa mengine. Mcheza baleti wa zamani alitaka kuikimbia ardhi. Wa kisasa haoni haya kuikanyaga. Sisi ambao ngoma zetu hukanyaga ardhi hata vumbi likainuka hatuoni ajabu katika jambo hilo. Mtu apangaye hatua zote, akaamua nani aingie na nani atoke, huitwa mtunga ngoma, nasi tutamwita hivyo.

Neno moja haliwi hatua moja

Mtu mgeni wa kazi hii hudhani kwamba mtunga ngoma hukaa na kitabu, akabadili kila neno kuwa ishara ya mkono. Sivyo. Ni kweli kwamba katika baleti za zamani zilikuwako ishara za namna hiyo. Kwa mfano, kuonyesha kidole cha pete maana yake ni ndoa. Lakini ishara zikizidi, mtazamaji huwa kama mtu afunguaye kamusi kila mara: haoni tena ngoma, huona mafumbo. Wala hakuna ishara iwezayo kusema, "Huyu ni shemeji wa yule aliyeondoka juzi." Mambo kama hayo hayachezeki, na mtunga ngoma mwenye akili huyaacha.

Tutazame mfano wa Romeo na Juliet, mchezo wa Shakespeare unaoeleza vijana wawili waliopendana huku jamaa zao wana uadui. Mrusi Sergei Prokofiev aliutungia muziki wa baleti mwaka 1935. Mwanzoni alitaka kuwaacha wapenzi hao hai, kwa kuwa, alivyoeleza, walio hai waweza kucheza, lakini wanaokufa hawawezi kucheza nao wamelala. Baadaye mawazo yake yaligeuka, na kifo kikarudishwa mahali pake. Baleti hiyo ilichezwa mara ya kwanza mjini Brno mwaka 1938, kisha Leningrad mwaka 1940.

Mwaka 1965 Mskoti Kenneth MacMillan aliutungia muziki huo huo hatua mpya mjini London. Katika baleti yake pana mahali ambapo Juliet, aliyelazimishwa kuolewa na mtu asiyemtaka, huketi ukingoni mwa kitanda chake, akatazama mbele, asitikise hata kidole. Muziki huvuma kama mawimbi ya ziwa siku ya dhoruba, naye hatikisiki. Akiisha kuinuka, amekwisha kata shauri, hukimbia kwenda kutafuta msaada wa padre. Tuangalie vema jambo hili: katika ngoma, mahali pa nguvu kuliko pote pamewekwa mahali pasipochezwa. Mtunga ngoma hakutafuta hatua ya kutafsiri maneno ya Juliet. Alitafuta hali ya moyo wake, akaona ya kuwa hali hiyo ni kimya.

Leso mikononi mwa watu wanne

Mfano wa pili waonyesha kazi hii waziwazi zaidi. Shakespeare aliandika mchezo wa Othello, ambao twajua ulionyeshwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1604. Othello ni mtu wa asili ya Afrika, jemadari wa jeshi la Venice. Amemwoa binti wa mkubwa mmoja, jina lake Desdemona, nao wapendana. Chini yake yuko Iago, mtu amchukiaye kwa siri na kujionyesha kuwa rafiki. Iago amnong'oneza bwana wake kwamba mkewe si mwaminifu. Othello ataka ushahidi. Iago aipata leso ambayo Othello alimpa mkewe. Emilia, mke wa Iago, ndiye aliyeiokota na kumpa mumewe, asijue atakavyoitumia. Leso yaonekana mikononi mwa mtu mwingine, na Othello, aliyeshikwa na wivu, amwua mkewe asiye na kosa. Kweli yajulikana baadaye, naye ajiua.

Mchezo huo una watu wengi, una safari ya bahari, una baraza la wazee wa Venice, una vita na Waturuki, una ulevi na ugomvi wa usiku. Kuuonyesha wote kwapita muda wa saa mbili, tena tatu. Mwaka 1949 José Limón, mzaliwa wa Mexico aliyekulia Marekani, aliugeuza kuwa ngoma ya dakika kama 20 tu. Aliwaacha watu wanne: Mwafrika, mkewe, rafiki yake, na mke wa rafiki. Hakuwapa hata majina. Venice hapana, bahari hapana, vita hapana.

Kwa nini ngoma hiyo haikuwa gofu la nyumba iliyobomolewa? Kwa sababu Limón alitambua nguzo ya nyumba ni ipi, asiiguse. Nguzo ya Othello si vita, wala si baraza. Ni leso inayotoka mkono hata mkono, na ni kinywa cha mtu mbaya karibu na sikio la mtu mwema. Mambo hayo mawili mwili huyaweza kabisa. Leso huonekana kwa macho. Huhitaji kuambiwa ni leso. Na mtu anayemganda mwenziwe begani, akarudi tena na tena kila anaposukumwa, hatuhitaji kusikia asemalo ili tujue kwamba ni sumu.

Limón alifanya jambo lingine la busara. Aliutia mchezo wote ndani ya ngoma ya kale ya wakuu wa Ulaya iitwayo pavane, ngoma ya hatua za taratibu, ya kushikana mikono na kuinamiana kwa adabu. Watu wanne hucheza kwa heshima. Halafu duara hupasuka, wawili hukutana pembeni. Kisha wote hurudi katika duara, wakashikana mikono kana kwamba hakuna lililotokea. Lakini sisi tumeona. Kila mara adabu ni ile ile, na kila mara mioyo imeharibika zaidi. Mtu aliyekaa kijijini ajua jambo hili lilivyo: watu huweza kusalimiana vizuri njiani na kukaa pamoja arusini, huku neno baya limekwisha kupita kati yao. Shakespeare alilieleza kwa maneno mengi mazuri. Limón alilieleza kwa mikono inayoshikana. Hata makundi makubwa ya baleti, ambayo hapo kwanza yalijitenga na ngoma za namna ya Limón, yaliichukua kazi hiyo yakaicheza.

Neno linapokuwa na hatari

Sasa turudi karibu na kwetu, tuvuke mpaka wa Uganda. Huko alikuwako Robert Serumaga, aliyezaliwa mwaka 1939. Alikuwa mtungaji wa michezo ya maneno, aliyesoma ng'ambo na kuandika kwa Kiingereza. Lakini tangu mwaka 1972 kazi yake iligeuka. Alikuwa na kundi lililoitwa Abafumi, maana yake wasimulizi wa hadithi, akaonyesha Renga Moi, habari ya kiongozi wa vita aliyebanwa kati ya wajibu wa baba kwa watoto wake pacha na wajibu wa kulinda kijiji chake. Ndani yake maneno yalikuwa machache, nayo yalitoka katika lugha zaidi ya moja za Uganda. Sehemu kubwa ilikuwa ngoma, nyimbo na vitendo vya mwili. Mwaka 1974 aliendelea mbele zaidi katika mchezo wa Amayirikiti, ambamo miili ndiyo iliyosema.

Kwa nini mtu aliyeyaweza maneno aliyaacha? Sababu moja ni ya sanaa: katika nchi yenye lugha nyingi, mwili hueleweka na wengi. Lakini wengi walioichunguza kazi yake wataja sababu ya pili, nayo ni nzito. Tangu Januari 1971 Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Watu wa Kagera hawahitaji kuelezwa sana habari za utawala huo, maana majeshi yake yaliingia katika mkoa wetu mwaka 1978. Katika nchi kama hiyo neno lililoandikwa huweza kushikwa mkononi na askari, likawa ushahidi. Byron Kawadwa, mkuu wa jumba la michezo la taifa mjini Kampala na mtungaji wa michezo ya Kiganda, aliuawa mwaka 1977, baada ya kundi lake kurudi kutoka katika sherehe ya sanaa za Waafrika huko Lagos. Hatua ya mguu, kinyume cha neno, ni vigumu kuishitaki. Askari atazamaye ngoma ya mtu anayeanguka na kuinuka atasema nini? Kila mtu barazani ameelewa, wala hakuna aliyesema.

Serumaga mwenyewe aliingia katika harakati za Waganda wa uhamishoni waliompinga Amin, akawa waziri katika serikali iliyofuata mwaka 1979, akafa Nairobi mwaka 1980. Maisha yake yatuonyesha kwamba kutoka katika maneno kuingia katika ngoma si mchezo wa watu waliokosa kazi. Pengine ndiyo njia pekee iliyobaki ya kusema kweli.

Mkongo na malkia wa kigeni

Mfano wa mwisho watoka mashariki ya Kongo. Faustin Linyekula ni mzaliwa wa Ubundu, upande wa Kisangani. Mwaka 1997, akiwa Nairobi, alianzisha kundi la ngoma za kisasa lililoitwa Gàara, pamoja na Mkenya Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Baadaye alirudi Kongo akaanzisha Studios Kabako. Mwaka 2009 alipewa kazi katika Comédie-Française, nyumba ya michezo ya kuigiza yenye heshima kuu mjini Paris, aongoze mchezo wa Bérénice, ulioandikwa na Racine mwaka 1670, zamani za mfalme yule yule Louis tuliyemtaja.

Katika mchezo huo hakuna vita wala maiti. Titus, mfalme wa Roma, ampenda Malkia Bérénice, lakini Roma haikubali mfalme wake amwoe malkia wa kigeni. Basi hawana budi kuagana, na habari imekwisha. Mtu wa Kongo akiusoma mchezo huu huona jambo ambalo Mfaransa huweza kulipita: huyu ni mgeni anayepewa heshima zote, kisha akaambiwa aende kwao. Mwaka uliofuata Linyekula aliurudia mchezo huo pamoja na waigizaji wa Kongo, katika kazi aliyoiita Pour en finir avec Bérénice, maana yake kumalizana na Bérénice. Twajifunza hapa ya kuwa mtunga ngoma si mpagazi achukuaye mzigo wa mtu mwingine kutoka mahali hata mahali. Huuliza mzigo huu ni wa nani, na kwa nini ameubeba yeye.

Tujaribu na mchezo wetu

Twawashauri wanafunzi na walimu wajaribu kazi hii kwa mchezo wanaoujua. Si kila mchezo utafaa. Juliasi Kaizari, aliyetafsiriwa na Mwalimu Nyerere na kupigwa chapa mwaka 1963, ana nguzo yake katika hotuba mbili za mazishi. Ukiondoa hotuba umeondoa mchezo. Lakini tutwae Kinjeketile, wa Ebrahim Hussein, uliotoka mwaka 1969, uelezao Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907.

Kwanza, tutafute kitu kinachopita mkono hata mkono. Kipo: ni maji. Kila apewaye husimama tofauti na alivyosimama kabla hajapewa. Mgongo uliopinda shambani hunyoka. Hilo huchezeka bila neno moja. Pili, tuchague watu wachache. Majina ya makabila yote yaliyoungana hayatatajika, lakini vikundi vitatu vichezavyo kila kimoja kwa mwendo wake, kisha vikapata mwendo mmoja, vyatosha kuonyesha umoja. Tatu, tutafute mahali pa kimya. Katika mwisho wa mchezo Kinjeketile yumo kifungoni, ameteswa, naye atakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Akataa, kwa kuwa ajua neno hilo litatumiwa kuwaambia watoto kwamba baba zao walikosea kupigana. Nguvu ya mchezo iko katika neno ambalo mtu hakulisema, nalo mcheza ngoma aliyesimama kimya aweza kulionyesha kuliko yeyote.

Lakini tusidanganyane: kitapotea kitu. Mashaka ya Kinjeketile mwenyewe, asiyejua kwa hakika ujumbe alioupata una maana gani, yamo katika maneno ya Ebrahim Hussein, na ngoma haitayafikia yote. Vivyo hivyo mpiga enanga wa Buhaya, aimbaye habari ya Rukiza huku ameketi, amebeba majina na mafumbo ya Kihaya ambayo miguu haiwezi kuyabeba. Atakayeigeuza enanga kuwa ngoma, kisha akaiacha enanga yenyewe ife, amevunja mtungi ili apate kigae. Kwa hiyo kitabu kisomwe, mzee asikilizwe, na maneno yahifadhiwe. Ndipo vijana waingie uwanjani. Ngoma ichezwayo na watu wasiojua hadithi yake ni mazoezi ya miguu tu. Ichezwayo na watu waijuao, hata mtazamaji asiyepata kusikia jina la Kinjeketile ataona mtu aliyefunga kinywa chake, naye atataka kujua kwa nini.